Kizibao cha Mshika Mkia

Wakubwa hawakosei. Wakikosea inaitwa ajali, na ajali haina mwenyewe. Hilo nimelijua uzeeni, maana shuleni sikukaa sana. Nilitoka na miaka kumi na mitano nikaenda kuzibua mitaro ya maji machafu, na mitaro nimeizibua miaka thelathini na minane. Ukiifanya kazi ile unaelewa jambo moja: uchafu wa juu huteremka. Sijawahi kuuona unapanda.

Mke wangu Glenda alikufa mwezi wa tano, nyuma ya ukuta wa mawe juu ya kijiji cha Skelbeck, katika matembezi ya chama chetu. Chama chetu ni cha wastaafu wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo humohumo. Kila mwaka baridi ikipungua tunaegesha kwenye malisho ya mfugaji mmoja, siku tatu. Jumamosi baiskeli, Jumapili miguu, Jumatatu kila mtu na kwake.

Katika matembezi kuna sheria moja tu ya maana. Mbele yuko kiongozi, nyuma yuko mshika mkia, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, na asiachwe mtu nyuma yake. Kila penye geti anahesabu. Mageti ya kule mlimani yamezungushiwa uzio wa nusu duara ili kondoo wasipite, binadamu anapenya mmoja mmoja. Hata mtoto wa chekechea angehesabu pale.

Siku ile aliyeshika mkia alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Aubrey Pickersgill, meneja wa benki mstaafu, mtu anayekunja leso kabla ya kupenga kamasi. Walitoka watu kumi na wanne. Pale geti la juu akahesabu kumi na wanne, akafunga. Ila wa kumi na nne hakuwa Glenda. Alikuwa mwanamume mmoja mpita njia, mwenye buti mpya, aliyejikuta katikati ya kundi akaona aibu kujitoa. Alitembea nao saa nzima. Walimgawia biskuti. Hakuna aliyemuuliza wewe nani, kwa sababu kwetu kumuuliza mtu yeye ni nani ni kama kumvua suruali hadharani.

Glenda alikuwa ameingia nyuma ya ukuta kujisaidia. Akateleza, kichwa kikapiga jiwe. Mvua ikamnyeshea kwa muda wa saa tano. Aliyemwona ni mbwa wa mfugaji. Daktari alisema angefikiwa mapema kidogo, angekuwa ananigombeza mpaka leo.

Mimi sikuwepo. Goti langu halipatani na milima, nilichukua baiskeli nikaenda baa ya kijiji cha pili. Asubuhi tuliachana vizuri tu. Nilikuwa nimemwaga debe la choo cha gari na kulisuuza, kazi ninayoichukia kuliko zote, na nikamwambia kama nilivyomwambia siku zote: limekaa safi, likae safi mpaka jioni. Hapakuwa na ugomvi wowote.

Mpelelezi wa vifo akaandika: ajali. Halmashauri haikuulizwa kitu, wakati ndiyo iliyopiga kufuli vyoo vya pale maegeshoni Skelbeck eti kubana matumizi. Mama wa watu angekuta choo kijijini, angefuata nini nyuma ya ukuta? Na Pickersgill alipoulizwa alisema maneno ninayoyajua kama jina langu: "Marehemu hakumwambia mtu yeyote."

Uongo. Nimekaa na Glenda miaka arobaini na mmoja. Glenda hakuwahi kwenda hata jikoni bila kutangaza. Na mtu akitoka kwenye msafara anamuaga mshika mkia, hana mwingine wa kumuaga.

Basi nilitaka kitu kimoja, wala si kikubwa. Asimame mbele ya wanachama aseme: aliniambia, nikamsahau. Nilimwandikia barua tatu, kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Aliyenijibu ni katibu, Thelma. Ya kwanza: "Kamati inashiriki huzuni yako." Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa kadi yenye picha ya maua.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nikaenda. Niliegesha palepale kando ya ukuta, kwenye mlango wa malisho. Baiskeli ya Glenda ilikuwa bado nyuma ya gari, imefungwa pamoja na yangu. Watu walikuwa wakipita wanaitazama, kisha wanatazama mawingu.

Jumamosi tukapanda baiskeli, njia nyembamba za kando ya mto. Clive, fundi mabomba mnene mwenye mdomo usiofungwa, alikuwa mbele yangu.

"Norris, hilo goti lako linalia kama mlango wa kanisa! Lipake mafuta, unatisha kondoo!"

"Afadhali goti. Wewe ukipanda kiti cha baiskeli ndicho kinacholia."

"Kinashangilia, mzee. Kinashangilia!"

Pickersgill akaja ubavuni kwangu na baiskeli yake ya umeme, hatoki hata jasho.

"Rafiki yangu Norris. Umefanya vyema kuja."

"Nimefuata neno moja, Aubrey. Unalijua."

"Hali ya hewa imetuhurumia, sivyo?"

"Sijauliza habari ya hewa."

Tukavuka daraja. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumkatalia mtu mkopo: "Glenda alikuwa mama mwenye haya zake. Haya ni kitu kizuri. Lakini laiti angesema neno moja tu, Norris. Neno moja. Huwa nalifikiria sana."

Kisha akabonyeza kitufe, baiskeli ikamchukua kilimani kama anavutwa na malaika, mimi nikabaki nakanyaga.

Mchana ule tulipokusanyika kwa chai, Thelma alisoma orodha ya kesho. Kiongozi, Clive. Mshika mkia… Akasita. Vijiko vikaanza kukoroga vikombe visivyo na sukari. Nikanyoosha mkono.

"Nitashika mimi."

"Oh, Norris. Mpenzi wangu. Una hakika? Na hilo goti?"

"Goti langu, kazi yangu."

Mama wawili wakatoa leso. Pickersgill alisimama akanipa mkono, akasema chama hiki ni familia. Nikavishwa kizibao palepale. Kilikuwa kilekile cha mwaka jana, bado na kibanio cha Pickersgill kifuani, kile cha kushikia leso.

Jumapili tulitoka watu kumi na watatu, mimi nikiwemo. Mvua nyembamba, ile isiyonyesha wala kukatika. Pickersgill alikuwa akitembea nyuma nyuma, na mimi. Nadhani aliona ndiyo heshima. Alinihadithia betri. Gari lake lilikuwa na betri mpya, za kuchaji kwa jua, jua lenyewe hili letu lisiloonekana, na mtu anayependa betri hana mwisho. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nahesabu migongo.

Tulipofika geti la juu, wenzetu wakaanza kupenya mmoja mmoja, kila mmoja anamshikilia mwenziwe mlango na kumwomba radhi kwa kumshikilia mlango. Pickersgill akanigusa kiwiko.

"Norris, nisubiri dakika moja. Vidonge vya presha hivi, vinanigeuza bomba."

"Nenda."

"Utanisubiri?"

"Si ndiyo kazi ya kizibao?"

Akaondoka kufuata ukuta, ameinamisha kichwa, anachagua pa kukanyaga pasipo na samadi. Akakunja kona. Ukuta uleule. Nadhani hata hakukumbuka ni uleule.

Nikahesabu. Kumi na mmoja wamepita. Mimi wa kumi na mbili.

Clive akaita kutoka bondeni: "Mkia! Wote wamepita?"

Nikapenya. Geti likarudi lenyewe, chuma kikagonga chuma.

"Wote!" nikajibu.

Nilingoja moyo unichape. Haukunichapa. Niliteremka ule mlima mwepesi kuliko siku yoyote tangu mazishi, goti kimya, na Thelma aliponimegea mkate wa jibini niliula wote nikaomba mwingine. Sikumtakia kifo. Nilimtakia jiwe, mvua na saa. Nilitaka alale pale aite, asikie kondoo wanamjibu, ajue jinsi geti linavyolia ukiwa upande mbaya.

Tulirudi kwenye magari saa nane. Sasa ndipo mtu ujue watu wangu. Gari la Pickersgill lilikuwa limefungwa mapazia, tangu asubuhi, kwa sababu huwa anaogopa jua lisipaushe viti. Kwetu pazia likifungwa mtu hagongi. Hata moto ukiwaka, mtu atakohoa kwanza.

"Aubrey hajaja kunywa chai," akasema Thelma saa tisa.

"Kajipumzisha."

"Si alikuwa na wewe, Clive?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa mbele. Nilijua yuko na mama zako hao."

"Tusimsumbue," akasema mama mmoja. "Umri, jamani."

Wakaendelea na keki. Nilikaa katikati yao na kile kizibao, hakuna aliyeniuliza. Saa kumi Thelma akaenda akasimama mbele ya mlango wa Pickersgill, akainua mkono kugonga, akaushusha, akarudi. Akasema labda baada ya nusu saa.

Saa kumi na nusu tukasikia pikipiki ya shambani, ya magurudumu manne, inavuta tela. Aliyeendesha ni mfugaji mwenyewe, mbwa kapanda nyuma. Ndani ya tela, juu ya magunia matupu ya chakula cha kondoo, amelazwa mwenyekiti wetu. Uso rangi ya mshumaa, suruali imelowa mpaka kiunoni, mguu mmoja unatazama kusikotazama mwili.

Mfugaji akazima injini. "Huyu wenu?"

Watu wakainuka na vikombe vyao.

"Mwaka jana mmeniachia mmoja, mwaka huu mwingine. Nyie wazee hamjui kuhesabu? Kondoo wangu mia tatu, jioni nawajua wote."

Thelma aliweka kikombe chini. Akanitazama kizibao, si uso. Wote wakakitazama kizibao.

"Norris," akasema polepole, "si wewe uliyehesabu?"

Ndipo nikaiona njia imenyooka mbele yangu. Pickersgill atasema: nilimwambia Norris, Norris kanifungia geti. Na mimi nitasema: ndiyo, kama wewe ulivyomfungia Glenda. Kosa la mshika mkia ni kosa la mshika mkia, mwaka huu na mwaka jana. Nilikuwa tayari kulibeba langu ili abebe lake.

Pickersgill akajiinua kwa kiwiko juu ya magunia. Meno yalikuwa yanagongana. Akanitazama mimi kwanza, muda kidogo tu.

"Msimlaumu Norris," akasema. "Sikumwambia mtu. Nilichepuka kimya kimya, kwa haya tu. Kosa ni langu mwenyewe." Akawageukia wote. "Kama Glenda, maskini. Naye hakumwambia mtu. Mnaona sasa jinsi inavyotokea? Mtu akinyamaza, mshika mkia afanye nini?"

Pumzi zikawatoka wote kwa pamoja. Wanatikisa vichwa, wanasema maskini, maskini, ni kweli. Mwaka mzima walikuwa wamekaa na lile jambo kama mfupa kooni, na sasa limeshuka. Meneja wa benki, hata akiwa kwenye tela la kondoo, hawezi kukosa hesabu mara mbili.

"Aliniambia," nikasema.

Wakageuka.

"Alisema nimsubiri. Nikasema nitamsubiri. Nikafunga geti makusudi, nikaja kula keki. Mnanisikia? Makusudi."

Clive alikuwa anatazama viatu vyake. Mfugaji alikohoa akaanza kumkuna mbwa. Thelma akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Una uchungu, mpenzi. Huna haja ya kumlindia Aubrey heshima yake."

"Simlindii kitu! Nilimfungia!"

"Mwaka mmoja ni mdogo sana, Norris," Clive akasema, sauti imemtoka laini, mara ya kwanza tangu nimjue. "Hata mimi ningesema chochote."

"Birika liko motoni," akasema Thelma. "Umekula chochote cha moto leo?"

Nilivua kizibao nikakitupa chini. Mama mmoja akakiokota, akakikunja vizuri, akakiweka mezani karibu na keki.

Wakapiga simu ya gari la wagonjwa. Wakaambiwa litachukua saa tatu, pengine nne. Mnaona serikali yetu. Mzee kavunjika mguu, anaambiwa asubiri kama anayesubiri fundi wa televisheni. Na kwa kuwa gari langu ndilo lenye ngazi fupi, na ndilo lililo karibu na mlango wa malisho, wakamlaza kwangu, kwenye kitanda cha chini, upande wa Glenda. Wakamfunika blanketi la Glenda. Thelma akaenda kufanya chai, wengine wakatawanyika kwa adabu. Tukabaki wawili.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwa nimemgeukia. Mvua ilikuwa inatembea juu ya bati.

"Kwa nini umesema vile?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Wangekufukuza."

"Hukujali mimi kufukuzwa. Ulijiosha."

Hakukataa. Alikuwa na jani la nyasi limemganda shingoni, sikulitoa. Akajisogeza, akakunja uso.

"Norris. Samahani sana. Naomba choo. Ni vile vidonge vya presha."

Choo cha gari langu kiko hatua mbili kutoka kile kitanda. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, kabla sijaupeleka mahali popote, kama ulivyosema asubuhi zote za miaka yote:

"Subiri kidogo. Debe nimelimwaga leo asubuhi."

Pickersgill akafumba macho. Nilidhani ni maumivu. Akaanza kucheka bila sauti, kifua tu kinaruka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

"Alisema hivyohivyo," akasema.

"Nani?"

"Unataka nikuambie? Mwaka mzima unataka nikuambie. Haya. Pale getini alinishika kiwiko. Akasema, 'Nisubiri, Aubrey, nakimbia nyuma ya ukuta. Nimebana tangu asubuhi. Norris kamwaga debe la choo, hataki lichafuliwe mpaka jioni.' Akacheka. Alikuwa na aibu lakini akacheka. Nikamwambia nitasubiri. Nilikusudia kusubiri. Yule bwana wa buti mpya akaniuliza habari ya betri zangu, nikaanza kumweleza huku nahesabu, hesabu ikatimia." Akafumbua macho. "Ikatimia, Norris. Kumi na wanne. Nikafunga."

Nje mtu alicheka, kisha akakumbuka akanyamaza.

"Kwa hiyo alikuambia," nikasema.

"Aliniambia. Nilikuwa najua. Kila siku nilikuwa najua." Akajiinua tena kwa kile kiwiko. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijawahi kumwona hivyo. Mzee tu, amelowa, amechoka. "Waite. Waite wote waje hapa mlangoni. Nitawaambia neno kwa neno, alivyosema yeye. Sitapunguza hata moja. Ndicho ulichotaka, sivyo? Waite."

Neno kwa neno, pamoja na debe langu.

Nilikitazama kile kimlango cha choo. Kina kioo. Glenda ndiye alikuwa anakifuta. Mpaka leo kilikuwa kinang'aa, kwa kuwa humo ndani haingii mtu mwingine.

Nikasikia viatu vya Thelma kwenye nyasi, kisha kwenye ngazi yangu fupi. Akaingia na sinia, mvuke umemjaa miwani.

"Jamani, afadhali," akasema. "Nasikia sauti zenu. Nilikuwa naogopa mmenuniana. Mlikuwa mnazungumza nini?"

Pickersgill alikuwa ananitazama mimi, anangoja, kama mtu aliyeambiwa atasubiriwa.

"Habari za betri," nikasema.

Thelma akacheka, akasema wanaume bwana. Akatuwekea vikombe. Mimi nikachukua changu nikanywa kikiwa cha moto vilevile, na Pickersgill akageukia ukutani, polepole, na ule mguu wake, na baada ya muda nikaona blanketi la Glenda linalowa.